Usiionee huruma, ichume: maneno yangu ya darini kuhusu mboga za kwenye ndoo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Akina mama, dada zangu, wifi zangu mliotoka Mkomani na Wiyoni, na nyinyi wazee wetu mliokaa pale kwenye kivuli cha makuti, karibuni sana. Haya ni yale nliyoyasema juu darini, yaani kwenye paa tambarare la nyumba yetu ya Langoni, Lamu, siku ile baada ya alasiri, wengi mmeniomba niyaandike manake upepo ulikua mkali na watoto wanapiga kelele, walokaa nyuma hawakuskia vizuri, basi nayaandika vile vile nlivoyasema na maswali mliyouliza nimeyaweka mahali pake.

Leo sitaki kuzungumza kuhusu kupanda. Kupanda tumeshafundishana, kila nyumba saa hii ina ndoo mbili tatu darini au uani, na mashaallah zinaota. Nataka kuzungumza kuhusu kuchuma, na nataka tulizungumze kwa kina kwa sababu nimepanda ngazi za nyumba nyingi za mji huu na nimeona jambo ambalo linaniuma: mtu ana sukuma imepanda hadi kiunoni, mchicha umetoa maua, kotimiri imekua mti, na mwenyewe yuko chini kwenye kizingiti anamtuma mtoto sokoni na shilingi hamsini akanunue mboga. Mboga anayo. Anaionea huruma.

Namjua mtu huyu manake mimi nlikua yeye.

Mnakumbuka mwisho wa 2023, zile mvua za El Nino zilipokata barabara ya Garsen, malori yakakwama huko, na kila kinachofika kwetu ni lazima kipite Mokowe kisha kipande boti, sasa kama lori halifiki Mokowe sisi huku kisiwani tunakula nini? Samaki alikuwepo, alhamdulillahi, lakini mboga ilikua shida. Fungu la mchicha nlilokua nanunua shilingi ishirini nikanunua hamsini, na lenyewe limelegea, majani ya chini yashaanza kuoza. Siku ile ndo nliposhuka stoo nikatoa mitungi miwili ya mafuta ya lita 20, nikaikata juu, nikatoboa chini, nikachukua ndoo ya rangi na beseni lililopasuka, nikaanza. Ilipofika Ramadhani ya 2024 nlikua na miche tisa ya sukuma wiki, ya kijani kibichi, majani mapana. Watu wakija wanaipiga picha. Na katika siku zile zote sikuwa nimechuma hata jani moja, kila nikishika kisu mkono unarudi nyuma.

Bibi yangu akapanda kuja kuniangalia, ngazi zile kwa umri wake alipumzika mara tatu. Akakaa, akaitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mboga hii waipandia mato?" Yaani naipanda kwa kuitazama kwa macho tu. Kabla sijajibu akanyosha mkono akashika jani la chini kabisa, akalivuta chini kwa pembeni, tap, likatoka. La pili, tap. Alichuma majani kama kumi na tano hivi miche ile yote, akayaweka kwenye kanga yake, na mimi roho inanicheza. Futari ya siku ile tulikula mboga ya nazi. Wiki ya pili kupanda tena naona miche imetoa majani mapya juu na mashina yamenenepa, wala hakuna hata mmoja uliokufa.

Sasa sababu yake ni hii. Mmea hauoti kwa ajili yetu, mmea unataka kitu kimoja, kutoa mbegu. Jani ni jiko lake la kupikia chakula cha kufika kwenye mbegu. Ukiuacha uende mpaka utoe ua, nguvu zote zinahamia huko juu, jani linakua gumu, linakua chungu, na mmea wa mwaka mmoja kama mchicha au kotimiri ukishakomaza mbegu unakauka, kazi yake imekwisha. Ukiuchuma unauambia bado. Unarudi unatoa jani lingine, tawi lingine. Na hii kwenye ndoo inakwenda haraka kuliko shamba, kwa sababu mizizi imebanwa, udongo unapata joto pande zote, maji yanakauka kwa siku moja, mmea unaona maisha ni mafupi unakimbilia ua. Kwa hivo sisi wa ndoo tunatakiwa kuchuma mapema, kuchuma kidogo kidogo, na kuchuma mara kwa mara. Kipimo ninachokitumia mimi ni thuluthi. Mche una majani tisa, chukua matatu. Una sita, chukua mawili, uwache mengine yaupikie.

Haya, saa ya kuchuma. Watu wengi wanachuma saa kumi jioni kwa sababu ndo wanaanza kufikiria chakula cha usiku. Jaribuni asubuhi. Usiku kucha mmea unakunywa na jua halipo kuukausha, kwa hivo ukimaliza swala ya alfajiri na mwanga ukatoka, jani limejaa maji, ukilivunja linalia. Ikifika saa sita lile lile jani limelegea, na ukilichuma hapo hata ukilitia kwenye maji halirudi sawasawa. Majani ya harufu kama nanaa na mrihani hayo ngojea kidogo mpaka umande ukauke, kama saa mbili hivi, lakini jua lisiwe limeshapanda sana manake yale mafuta yenye harufu yanapotea kwa joto. Na jioni yake kabla hujachuma, mwagilia maji. Mimi humwagilia karibu na magharibi, asubuhi nachuma.

Tuanze na mchicha kwa sababu ndo mboga ya mtu anayeanza. Ukisia mbegu, wiki tatu hadi nne una mboga. Mkiwa mmesia msongamano (na wote tunasia msongamano, mbegu ni ndogo kama vumbi) basi mavuno ya kwanza ni kung'oa ile iliyobanana, na mizizi yake, unakata mizizi unapika, na iliyobaki inapata nafasi. Hiyo iliyobaki sasa usiing'oe. Ikifika urefu wa shubiri moja na nusu, kata kichwa chake juu kidogo ya pale majani yanapokutana na shina, uwache kama shubiri moja chini. Pale kwenye kila jani lililobaki kuna kijicho, na kile kijicho kinatoa tawi, kwa hivo mche mmoja unakua kama miche mitatu minne. Baada ya siku kama kumi unakata tena. Nimekata mchicha wa beseni moja mara tano kabla haujaanza kukata tamaa. Ukiona vile vishungi vya maua vinachungulia juu, vivunje siku ile ile, usiseme kesho. Halafu wacha mche mmoja, ule wenye afya kuliko wote, huo utoe mbegu zako za mwakani, hapo hutanunua mbegu tena.

Sukuma wiki nshaisema kwa mkono wa bibi yangu: jani la chini kwanza, unavuta chini kwa pembeni, linakatika lenyewe kwenye shina. Usikate katikati ya jani ukawacha kijiti kirefu, kile kinaoza na wadudu wanaingia. Juu wacha majani manne au matano pamoja na kile kichwa, kichwa usikiguse kabisa. Ukiitunza hivo sukuma inakulisha miezi mingi. Spinachi ni kama hiyo lakini yenyewe haina shina, kwa hivo tumia kisu, kata majani ya nje karibu na udongo na uwache moyo wa katikati. Kunde kwa majani, chuma yale machanga yenye kung'aa, wiki ya tatu ya nne, yakikomaa yanakua na nyuzi hata ukiyapika na magadi.

Matembele nayapenda sana na sijui kwa nini watu wa mjini hawayapandi kwa wingi, hayahitaji mbegu, hayahitaji kubembelezwa, unachomeka kikonyo kwenye gunia na kinashika. Kuchuma kwake ni ncha tu, urefu wa kidole cha kati pamoja na kiganja, na kadiri unavokata ncha ndo yanavozidi kujaa. Unayatupa kwenye tui na kitunguu na pilipili mbuzi moja nzima isopasuliwa, pamoja na sima na papa mkavu. Hapo siku ile wazee pale kivulini walicheka kwa furaha na mzee mmoja akasema wallahi umenikumbusha mamangu.

Hapo dada mmoja akauliza kuhusu bamia. Akasema, bamia zangu zinazaa lakini nikipika zimekua kama kuni, mbegu ni mbovu? Nkamwambia hapana dadangu, mbegu ni nzuri, ni siku tu. Ua la bamia linafunguka asubuhi moja na kusinyaa siku hiyo hiyo, hesabu kuanzia hapo siku nne, tano, sita kwa mwisho, bamia iko tayari. Urefu wake kama kidole chako cha kati. Ukitaka kujaribu, vunja ncha, ikikatika tap ni laini, ikipinda bila kukatika imeshakua kamba. Na ukiiwacha moja tu ikomae juu ya mti, mti mzima unapunguza kuzaa, kwa hivo hata ile iliyokushinda ichume, uitupe au uianike uchukue mbegu. Kila baada ya siku moja au mbili upande uangalie, ukisafiri mwachie jirani, mwambie achume ale. Vaa mikono mirefu manake vile vinywele vyake vinawasha. Tumia mkasi, usinyofoe, utavunja tawi.

Sasa tungule, yaani nyanya, na hapa naomba mnivumilie kidogo manake machozi mengi ya dari yanatokana na tungule.

Adui wa kwanza ni kunguru. Tungule ikigeuka nyekundu tu, kabla wewe hujafika, yeye keshaidona, na haidoni akaila yote, anaidona moja anaruka ya pili. Miezi mingi nlihangaika, nikafunga vitambaa, nikatundika CD za zamani zimeremete, siku tatu nne anaogopa kisha anazoea. Kilichonisaidia ni kujua kwamba tungule haina haja ya kuivia juu ya mti. Ikishaanza kugeuka rangi kule chini kwenye kitako chake, kijani kinapauka kinaingia wekundu kidogo, tayari hapo inaweza kuchumwa na ikaivia ndani, na utamu haupungui kwa kiasi cha kukusikitisha. Inajitolea hewa yake yenyewe inayoivisha, ndo mana ukiiweka pamoja na ndizi mbivu kwenye kikapu inakimbia zaidi, ndizi nayo inatoa hewa ile ile.

Na kuna jambo la pili, joto. Nlikua nawacha tungule zangu juani nikidhani jua ndo linaloleta wekundu, zikawa zinageuka manjano au rangi ya chungwa na zinakataa kuendelea, nikalaumu mbegu. Kumbe joto likipita nyuzi 30 ule wekundu wenyewe hautengenezwi vizuri, na darini kwetu wakati wa kaskazi mwezi wa pili wa tatu ni zaidi ya hapo mchana kutwa. Kwa hivo chuma ikianza kugeuka, weka chumbani kwenye kivuli ambapo upepo unapita, nyumba zetu hizi za mawe ukuta mnene zina ubaridi mzuri sana, siku nne tano inakua nyekundu sawasawa. Usiiweke friji kabla haijaiva, baridi inaua ladha na inabaki kama unga mdomoni.

Pilipili na mabiringani nitapita haraka. Pilipili kata kwa mkasi na kikonyo chake, ukichuma za kijani mti unazaa zaidi, ukizisubiri nyekundu unapata kali zaidi lakini chache. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mtoto. Biringani lichume ngozi ikiwa bado inang'aa, likififia rangi ndani mbegu zimekua za kahawia na chungu.

Tuje kwenye majani ya harufu, na hapa ndipo ndoo ndogo inapokua na thamani kubwa kuliko shamba, manake unahitaji kidogo tu lakini unakihitaji sasa hivi, samaki yuko juu ya makaa na kotimiri huna.

Kotimiri ina haraka kuliko mimea yote. Ile mbegu ya mviringo ndani ni mbili, ivunje kidogo kwa mkono kabla ya kusia. Wiki ya tano hivi unaanza kukata, vijiti vya nje kwanza, karibu na udongo, usipalaze juu juu kama unakata nywele. Ukiona jani limebadilika, limekua jembamba kama la bizari ya shamari, jua ishaamua kutoa ua na hapo hutoirudisha. Usiing'oe kwa hasira. Iwache itoe maua meupe, nyuki waje, kisha zile mbegu zikikauka ndo giligilani yako, mti ule ule, twanga utie kwenye pilau. Na kwa joto letu usisie yote siku moja, sia kiganja kila baada ya wiki mbili au tatu, na ipe kivuli cha mchana, utakua nayo karibu mwaka mzima.

Nanaa ipande peke yake, haitaki mwenza, itammeza. Kata juu ya pale majani mawili yanapotazamana, yatatoka matawi mawili. Mrihani ni hivo hivo, kata juu ya majani mawili, na maua yake yavunje yakianza. Ila nyinyi mnaotunga vikuba, maua ya mrihani mtayataka, basi panda miti miwili, mmoja wa jikoni usiupe nafasi ya kutoa ua, mwingine uwache utoe vishungi upate kuvifunga na asumini na mkadi. Mimi nafanya hivo na Alhamisi jioni chumba kizima kinanukia. Mchaichai usikate majani ya juu tu, shika kile kijiti cha nje, kizungushe na ukivute kutoka chini, kile cheupe cha chini ndo chenye utamu wa chai. Vitunguu vya majani kata uwache vidole viwili juu ya udongo, vitarudi mara tatu nne.

Kuna mambo ya mji wetu huu ambayo hata ukiangalia video za watu wa bara hawatakuambia. La kwanza ni chumvi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi chumvi, na ukimwagilia nayo, maji yanaondoka chumvi inabaki, utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo na ncha za majani zinaungua kama zimeguswa na moto. Kotimiri na kunde zinaumia mapema, spinachi inavumilia kidogo. Masika ikija toeni ndoo zote mvuani, ziloweke mpaka maji yatoke kwa nguvu chini, hiyo inaosha chumvi. Na wakati wa kusi upepo unabeba chumvi ya bahari unaipaka kwenye majani, kwa hivo yanyunyizieni maji matamu jioni. Na tafadhali tusiende kuchukua mchanga kule kwenye vilima vya Shela, maji matamu tunayokunywa mji huu yanatoka chini ya vile vilima, tukivichimba tunajichimba wenyewe. Udongo wangu mimi nachanganya na mbolea na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, makumbi yanashika maji vizuri sana.

Mbolea tunayo bure, punda wetu wanaitoa kila kichochoro. Lakini haitumiki mbichi. Mbichi inaunguza mizizi, ina mbegu za magugu manake punda hasagi majani kama ng'ombe, na kubwa zaidi ina vijidudu vya tumbo, na sisi hapa tunazungumzia majani ambayo mengine tunayala mabichi kwenye kachumbari. Irundike, iloweshe, ifunike, igeuze, iwache miezi mitatu au minne mpaka inanukia udongo na haina joto tena ukitia mkono. Hapo itumie.

La dawa nalisema kwa uchungu. Kuna mtu aliniuzia dawa ya wadudu imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina jina wala maelezo, akaniambia puliza tu. Nikapuliza mchicha kwa ajili ya vidukari. Kufika usiku nikajiuliza, sasa nitachuma lini? Siku tatu, wiki mbili? Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma na zimeandikwa kwenye kibandiko, na mimi sina kibandiko. Nlikua na wajukuu wawili nyumbani. Niliung'oa mchicha wote ule nikautupa, na tangu siku ile kwenye ndoo zangu ni maji na sabuni kidogo, napuliza chini ya majani jioni, asubuhi naosha. Vidukari vikiwa vingi sana nakata kile kichwa natupa. Yaani ndoo tatu nne unaweza kuzikagua jani kwa jani ukiwa na kikombe cha chai mkononi, hamna haja ya kitu kikali.

Na uzito jamani. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo ukalowa inapita kilo ishirini na tano. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, ndo mana vyumba vyetu ni vyembamba, urefu wa boriti ndo upana wa chumba. Msipange ndoo katikati ya dari, zipangeni pembeni kando ya kuta ambapo boriti zimekalia, na kama nyumba ni ya zamani sana muulizeni fundi kwanza.

Dada mwingine akauliza, sasa nikichuma asubuhi na nitapika usiku, nifanye nini? Swali zuri. Osha majani kwenye beseni, na uyatoe kwa mikono kuyainua juu, usimwage maji kwa kuyageuza beseni manake mchanga ulioshuka chini unarudi juu yake. Kung'uta maji, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa baridi au friji chini kabisa. Kotimiri isimamishe kwenye glasi ya maji kama maua, inakaa siku nyingi. Mrihani fanya hivo hivo lakini usiuweke friji kabisa, baridi inaugeuza mweusi. Kotimiri ikizidi ikate kate, jaza kwenye vile visanduku vya barafu na maji kidogo, tia friza, siku ya mchuzi unatupa kipande kimoja.

Kukausha ni mchaichai na nanaa, na zikaushwe kivulini, zining'inizwe kichwa chini kwa vitita vidogo mahali pa upepo. Jua linatoa rangi na harufu yote. Hii ifanyeni wakati wa kaskazi, siku ni kavu. Nilijaribu mwezi wa sita, unyevu ulikua mwingi, nanaa yote ikaota ukungu.

Mwisho akasimama binti mdogo, nadhani yuko darasa la saba, akauliza, nikiwa na ndoo moja tu nipande nini? Nlimpenda sana kwa swali lile. Nkamwambia katikati panda mche mmoja wa pilipili, pembeni vitunguu vya majani, na mbele upande wa jua sia mchicha kidogo. Mchicha utauchuma kwanza, wiki ya nne, wakati pilipili bado ndogo. Ukiisha mchicha pilipili itakua imetanua matawi, na vitunguu utakua unavikata siku zote hizo. Akaniuliza, na nikikosea nikakata sana? Nkamwambia mwanangu, mimea niliyoipoteza kwa kukata sana inahesabika kwa mkono mmoja, niliyoipoteza kwa kuiangalia tu siwezi kuihesabu.

Sasa walokuja siku ile walichukua, ambao hawakuja bado vipo. Pale chini ya ngazi kwangu kuna ndoo ya samawati, ndani yake kuna vikonyo vya matembele na vya nanaa vishaanza kutoa mizizi kwenye maji. Kila mmoja achukue vitatu vitatu, mlango uko wazi mpaka magharibi, msipige hodi piteni tu. Anayekaa mbali, wa Matondoni au wa kuvuka, azungushie gazeti lililolowa maji na avitie kwenye kikapu, visipigwe na jua njiani. Na mkasi wangu wenye mpini mwekundu nauona haupo kwenye msumari wake, alouchukua siku ile aurejeshe tafadhali, bamia zangu kesho asubuhi zinatimiza siku tano.